Baba Mdogo Ameokoka, Laana Imebaki

Nyinyi wa pale mlangoni kwa bucha, mlioniuliza habari za Mashuuru wakati bado niko na vumbi kwenye kope, nikawaambia nitawaeleza kesho, na hiyo kesho ikawa wiki mbili: haya, someni. Nimeona niandike, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo kila mmoja wenu anaingiza lake katikati, mpaka mwisho hadithi yangu inakuwa ya ng'ombe wa mtu mwingine. Karatasi haikatizwi. Shule yangu mnaijua, ni ile ya gumbaru, ya watu wazima, kwa hivyo mkikuta herufi imekaa vibaya isogezeni wenyewe.

Kwanza niseme shida, ndio msiniulize katikati ya njia.

Kijana wangu Lemayian alipata msichana wa Kajiado, Naserian. Harusi ilipangwa, ya kanisani, suti na keki ya ghorofa tatu. Halafu mama ya msichana akasikia kwamba mimi niko na laana.

Ni kweli ninayo. Miaka ile ya tisini, ardhi ya hapa Kitengela ilipokatwa na kila mtu akashika cheti chake, mimi niliuza kona. Si kubwa. Lakini ndiyo ilikuwa kona ya boma la bibi yetu, mama ya baba yangu. Ndugu mdogo wa baba, Mzee Kipaa, ambaye ndiye baba mdogo wangu, alikuwa amehamia Mashuuru na ng'ombe kutafuta nyasi. Sikumwambia. Niseme ukweli, nilijua nikimwambia atakataa, nikaona afadhali ajue mambo yakiwa yamekwisha. Aliporudi alikuta msingi wa mawe. Akasimama mbele ya watu akasema, "Sankau, umeuza mahali pa mama yangu. Basi asipatikane mtu wa kukuita babu." Akageuka, na tangu siku hiyo hakukanyaga Kitengela.

Mimi nilicheka. Kisha msichana wa kwanza wa Lemayian akaenda kusomea uuguzi na akaolewa huko huko. Nikapunguza kucheka. Wa pili, baba yake alisikia yale maneno akaturudishia mablanketi yetu, yakiwa bado kwenye nailoni. Nikaacha kucheka kabisa. Naserian ni wa tatu.

Sasa, kwetu Wamaasai, mdomo uliofunga ndio unaofungua. Unachagua kondoo dume wa rangi moja, asiye na kilema, unampelekea mwenye laana. Anachinjwa, unapakwa mafuta yake, mzee anakutemea mate ya baraka, kwisha. Ni kazi ya siku moja. Nilikuwa tayari. Lakini baba mdogo alikuwa ameokoka. Si kuokoka kwa Jumapili peke yake. Ameokoka mpaka Jumatano. Jina sasa ni Yeremia. Nilikuwa nimetuma watu kwake mara mbili, na mara zote mbili jibu lilikuwa moja: "Mwambieni Sankau mambo hayo nimeacha. Kwa mtu wa Yesu laana si kitu, kwa hivyo sina cha kufungua."

Mnaona? Akiwa mtu wa zamani alinifungia. Akawa mtu mpya, akatupa ufunguo.

Nikachukua kondoo nikaenda mwenyewe.

Kitengela mpaka Isinya, na bauza la maji

Mwalimu Wafula mnamjua, jirani yangu wa Bungoma, yeye ndiye alinunua ile kona. Asubuhi nilipotoka alikuja kunisindikiza mpaka barabarani, amevaa tai. Mke wake alikuwa ameamka kabla ya jogoo kunipikia kuku wa njiani. Nafikiri alimpika huyo huyo jogoo, kwa sababu hatukumsikia.

Wafula alikuwa na swali. Alizunguka zunguka, akaniuliza watoto, akaniuliza mvua, mwisho akasema, "Mzee, samahani. Kwani hiyo laana iko kwa kiwanja ama iko kwako?"

"Iko kwangu."

"Bwana asifiwe!" akasema, halafu akaona haya mpaka masikio. "Si hivyo mzee. Nilitaka kusema, tutakuombea."

Na akaniombea pale pale, mimi na kondoo, watu wa barabarani wakitutazama. Wafula akiomba ni kama mtu anafundisha, lazima arudie mpaka Mungu aelewe.

Nilipanda bauza la maji la Mkamba mmoja anaitwa Mutua. Kondoo alikaa mbele, kati yetu, kama bibi harusi. Mutua alikuwa na kaseti moja tu ya kwaya. Ikifika mwisho anaigeuza, ikifika mwisho anaigeuza. Kondoo akishikwa na wimbo analia, na Mutua anamwambia, "Amina."

Yule kuku nilimpa Mutua. Sisi wazee wa zamani hatuli ndege, na sikutaka mama Wafula ajue, maana ni mama mzuri. Mutua alimmaliza kwa mkono mmoja na mwingine uko kwa usukani. Akipangusa vidole akaniuliza, "Mzee, umeokoka?"

"Bado kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Sijui. Sijapima."

Mahali ambapo gari lingine linafika mate hayajakauka mdomoni, sisi tulichukua nusu siku. Kila boma lenye tangi Mutua anasimama, anafungua mpira, anajaza, na anapiga habari. Na kila mahali mtu anatazama ndani, anaona kondoo amekaa kwenye kiti, na anajua mambo yake. Mmoja alisema ni mahari. Mmoja alisema mzee huyu ameibiwa wengine wote amebaki na huyu. Mama mmoja alisema, "Huyu anaenda kuombwa msamaha au anaenda kuomba?" Nikasema ninaenda kufunguliwa. Akasema, "Aa, hiyo ni tofauti," akachukua maji yake akaenda. Sikumwelewa, na sikumfikiria tena kwa siku tano.

Kajiado: mkate na siagi

Kutoka Isinya nilibebwa na pikapu ya nyasi, na yule kondoo alikula sehemu ya mzigo. Mwenye nyasi alisema hakuona. Watu wazuri bado wapo.

Kajiado nililala kwa wakwe. Yaani, wangekuwa wakwe. Mama Naserian ni mjane, anafanya kazi ya ofisi, ni kiongozi wa kwaya, na Biblia yake iko na zipu. Kila kiti sebuleni kwake kimevaa kitambaa. Unaogopa kuegemea. Aliniletea chai na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili, akakaa akanitazama nikila, siagi ikinishuka kwa mkono.

"Baba Lemayian," akasema, "mimi nataka ujue kitu kimoja. Mimi siamini laana."

"Asante, mama."

"Nimeokoka miaka mingi. Laana haina nguvu kwangu."

"Asante sana."

"Lakini siwezi kupeleka mtoto wangu mahali iko."

Nikaweka mkate chini.

"Huyo baba mdogo wako aje hapa," akasema. "Akae kwa hicho kiti. Aseme kwa mdomo wake, nikisikia, na mchungaji wangu akisikia. Shule zikifunguliwa kabla hajaja, Naserian anarudi kufundisha kule Oltepesi, na hayo mambo ya Lemayian tutayaacha kwa amani."

Zilikuwa zimebaki siku tisa shule zifunguliwe. Naserian mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na birika. Alinimiminia chai mpaka ikamwagika kwenye kisahani, ndipo nikajua anasikia.

Sasa fikirieni hali yangu. Huyu ameokoka na anaogopa laana. Yule ameokoka na anasema hakuna laana. Na mimi ambaye sijaokoka ndiye natembea katikati na kondoo.

Njia ya Mashuuru: mchanga

Abdi ni mfanyabiashara wa mbuzi. Watu wake walitoka Wajir, lakini yeye Kimaasai anaongea kutuzidi. Alikuwa anaenda mnada wa Mashuuru na lori tupu, akanipakia.

Makosa yangu ni kwamba sikumwambia mapema kondoo si wa kuuza. Mtu wa mifugo akiona kondoo dume wa rangi moja, mnene, anapelekwa upande wa mnada, atafikiri nini? Tulipotoka Kajiado alitaja bei. Nikanyamaza. Akaona nimenyamaza kama mtu mjanja, akapandisha. Nikanyamaza tena, akapandisha tena, akanisifu, "Wewe mzee ni mgumu!" Nilipomwambia kwamba ni wa kuondoa laana, alifunga breki.

"Na mimi nimekaa hapa naweka bei kwa kitu cha laana? Astaghafirullahi! Mzee, si ungesema?"

"Ulikuwa unaongea wewe."

Hakukaa na hasira. Mbele kidogo tuliteremka kwenye korongo, mchanga ukashika magurudumu, na lori likakaa kama ng'ombe aliyekataa kuamka. Tulichimba kwa sufuria. Tuliweka matawi. Abdi alitandika mkeka wake akaswali, akarudi kuchimba, akaswali tena. Kati ya swala na kuchimba alipika chai ya maziwa yenye sukari ya kusimamisha kijiko, tukala na anjera aliyofungiwa na mke wake. Hiyo anjera ni kama sponji, lakini ukiichovya unasahau.

"Mzee, wewe ni Mkristo?" akaniuliza.

"La."

"Basi unafuata mambo ya zamani."

"Hayo pia siku hizi nayakumbuka nikipata shida."

"Sasa wewe ni nani?"

Nilifikiri. "Mimi ni mtu wa Kitengela."

Abdi alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Hiyo si jibu, mzee! Hiyo ni mahali gari linasimama!"

Tulilala hapo hapo korongoni. Juu ya usiku huo sina neno ila mbu. Alfajiri wachungaji walitusukuma, na tukaingia Mashuuru Jumapili, jua likiwa juu kidogo, nikaambiwa mzee Yeremia yuko kanisani.

Mashuuru: Jumapili

Kanisa lao ni la mabati, na jua likipanda mabati yanaimba pamoja na watu. Mlangoni kuna mti wa mgunga. Chini ya mti huo nilikuta kuku wawili wamefungwa miguu, boga moja, na kikapu cha mayai. Nikafikiri, hawa ni watu wenye adabu, wanaacha mizigo nje. Nikafunga kondoo wangu hapo, nikaingia nikakaa nyuma.

Nyinyi mnaocheka mmeshajua. Mimi sikujua. Kule kwao kitu chochote kilichofungwa kwa mti ule siku ya Jumapili ni sadaka. Mtu asiye na pesa analeta kuku, analeta yai, na ibada ikiisha vinapigwa mnada. Mtoto wa miaka minne wa Mashuuru anajua. Mzee mzima wa Kitengela hajui.

Baba mdogo nilimwona mbele kabisa, na wazee wa kanisa. Koti jeusi. Shanga za masikio bado ziko, lakini kisanduku cha tumbako cha shingoni hakipo. Mahubiri yalikuwa ya mwana mpotevu, na mimi, kwa kuwa sikulala vizuri, nililala vizuri. Niliamshwa na makofi.

"Haya watu wa Mungu!" mzee mmoja wa sauti kubwa alikuwa anasema. "Mayai yamekwenda, kuku wamekwenda. Sasa tazameni huyu! Kondoo dume! Rangi moja! Hajakwaruzwa hata sikio! Mgeni ametubariki, hata jina hakuacha, anafanya kwa siri kama Neno linavyosema!"

Na kondoo wangu yuko mbele ya madhabahu, anakula maua.

Nilisimama. Mama aliyekaa karibu yangu akadhani nimeguswa, akanishika mkono, akapiga kigelegele. Mwalimu mkuu wa shule yao akataja bei. Na hapo akainuka nani? Baba mdogo. Mnajua mtu wetu akiona kondoo mzuri, hata akiwa ameokoka macho hayajaokoka. Alitaja juu ya mwalimu. Mwalimu akaongeza. Baba mdogo akaongeza na akapiga fimbo chini. Watu wanaruka, kwaya imeanza, na mimi nimeinua mkono kusema ngojeni, na mwenye mnada ananionyesha kidole, "Na mzee wa nyuma pia anataka!" Nikaushusha huo mkono haraka.

Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Baba mdogo akamchukua.

Alinikuta nje nimesimama chini ya mti mtupu. Yeye ameshika kamba. Hata salamu hatukukumbuka, tulianza na kondoo.

"Sankau. Huyu ni wako?"

"Alikuwa wangu, Papa. Nilikuwa nakuletea."

Alimtazama kondoo, rangi moja, hana kilema, akaelewa yote. Uso ukafunga. "Umeniletea kondoo wa laana mpaka kanisani?"

"Nilimfunga tu kwa mti!"

"Na mimi nimemnunua." Alisimama kidogo, nikaona mdomo unataka kucheka na yeye anaukataza. "Sasa sikiliza. Huyu ameshatolewa kwa Mungu. Hawezi kutolewa tena kwa mambo yetu. Hatachinjwa kwa hiyo shida yako."

"Basi nitaleta mwingine."

"Ukileta wengine mia, watakuwa kondoo mia. Twende unywe chai."

Nyumbani kwa baba mdogo

Nilikaa siku tatu. Kula nilikula. Mke wake, mama yetu Yeyo Nolari, alinipa ugali na maziwa ya kibuyu, yale yenye harufu ya moshi wa mti, ambayo hapa Kitengela tumeacha kwa sababu tunanunua maziwa ya pakiti kama watu wasio na mama. Yeyo ndiye aliyeokoka kwanza katika boma lile, miaka kumi kabla ya mzee wake. Alipigwa kelele, akafukuzwa siku mbili, akarudi akiimba. Ana meno manne na anayatumia yote akicheka.

Shida ilikuwa sala ya chakula. Baba mdogo akianza kuombea chai, chai inalala. Na alinitaja kwa Mungu nikiwa nimekaa hapo hapo. "Bwana, yuko hapa mtu mmoja, sitamtaja jina. Ametoka Kitengela." Tulikuwa watu watatu.

Baada ya amina tulikuwa tunaanza. Kila siku maneno yale yale.

"Papa, sema neno moja tu. Sema imefunguliwa."

"Nikisema imefunguliwa, nimesema ilikuwa imefunga. Nikisema ilikuwa imefunga, nimempa shetani kiti."

"Lakini mama ya msichana anaogopa!"

"Aombe."

"Anaomba! Ni kiongozi wa kwaya!"

"Na wewe," akasema siku ya tatu, akinielekezea kijiko, "umekuja na kondoo. Mdomo ulikuja nao? Tangu uuze pale kwa mama umewahi kusema nimekosa?"

Nikasema ardhi ilikuwa ya baba yangu na cheti kilikuwa na jina langu. Nilisema kwa sauti ya juu kuliko ilivyofaa kwa mtu anayenywa maziwa ya mwenyewe. Nawaambia kwa sababu nilisema nitasema kweli.

Baba mdogo akainuka kwenda zake. Basi Yeyo Nolari, ambaye alikuwa anasugua kibuyu na kijinga cha moto, akauliza bila kuinua macho:

"Mzee. Siku uliyookoka, tumbako uliitupa wapi?"

"Motoni. Uliona."

"Na pombe ya asali?"

"Niliimwaga pale nje. Kuku wakalewa. Kwa nini unauliza?"

"Hapana, nilikuwa nakumbuka tu. Tumbako motoni, pombe nje, na yule ng'ombe wa jirani ukamrudisha na ndama wake. Sasa lile neno ulilomwambia Sankau," akapuliza majivu, "hilo ulilimwaga wapi?"

Baba mdogo akachukua fimbo akaenda kwa ng'ombe, na chakula cha mchana hakuja kula. Jioni aliomba sala fupi, ya kwanza tangu nifike. Chai ilikuwa ya moto ikaniunguza.

Asubuhi nilimkuta amevaa lile koti jeusi na kofia, Biblia kwenye mfuko wa plastiki.

"Twende Kajiado," akasema.

"Unaenda kufungua, Papa?"

"Nimekwambia sifungui kitu. Twende."

Kurudi Kajiado

Tulirudi na lori la nyanya. Baba mdogo alilala juu ya masanduku njia nzima, au alijifanya. Nilijua anaenda kwa wakwe kuhubiri, atamwambia mama ya msichana hakuna laana, atasoma mlango mzima wa Biblia, na mama atatikisa kichwa, na Naserian atapanda gari la Oltepesi. Nilimwambia mara mbili, "Papa, tafadhali, usihubiri sana." Akafungua jicho moja akafunga.

Mama Naserian alitupokea vizuri. Vitambaa vilikuwa vimefuliwa. Mchungaji wake alikuja, kijana wa miwani, akakaa kando kama shahidi wa korti. Naserian alikuwa mlangoni tena na birika lake. Lemayian pia alikuwa amekuja kutoka Kitengela kungoja jibu, amekaa juu ya mikono yake.

Baba mdogo alikataa kukaa. Akavua kofia. Mimi, nikiona amesimama mbele yangu, niliinuka pia na kichwa kikainama chenyewe. Mnajua hii ni kawaida yetu: mdogo anainamisha kichwa, mkubwa anaweka mkono juu yake, na hata uwe na mvi kama mimi, mbele ya baba yako wewe ni mtoto. Nikangoja mkono. Nilikuwa natazama viatu vyake.

"Mama," akamwambia Mama Naserian, "sikuja kufungua kitu hapa. Nimekuja kusema nimekosa."

Birika likagonga kitu.

"Sankau, mtoto wa ndugu yangu. Nilikuombea ubaya. Nilipookoka nilitubu kila kitu mbele ya watu. Hilo sikulitubu. Nilisema haliko. Lakini nililiacha kwa sababu nilikuwa bado nalipenda. Kila nikisikia msichana amekataa nyumbani kwako, nilikuwa nasema Bwana asifiwe, na haikuwa Bwana nilikuwa namsifu. Nisamehe."

Nikangoja mkono. Mkono haukuja.

Nikangoja tena. Nikafikiri labda amesahau. Nikainamisha zaidi, ndio aone. Bado. Basi Mama Naserian akanong'ona, na sauti yake haikuwa ile ya kwaya:

"Baba Lemayian. Ni wewe anakungoja."

Nikainua macho. Baba mdogo alikuwa ameinamisha kichwa. Kwangu mimi. Tulikuwa tumesimama pale kama mafahali wawili waliochoka, vichwa chini, kila mmoja anangoja mkono wa mwenzake.

Wazee wenzangu, nyinyi mnajua jambo hilo haliko. Hakuna neno la Kimaasai la kujibu. Kijana akiomba msamaha tunajua la kusema, mke tunajua, jirani tunajua. Baba akiinama mbele ya mtoto, hakuna aliyetufundisha, kwa sababu hakuna aliyefikiri litatokea. Nilitamani angenilaani mara ya pili, hiyo nimezoea.

Nilikuwa sijawahi kuona juu ya kichwa chake. Maisha yangu yote kichwa hicho kilikuwa juu yangu. Kina kovu dogo, na nywele zimebaki kama nyasi za kiangazi. Mkono wangu ulikuwa mzito, nilitaka kuusaidia na ule mwingine. Nikauweka. Kilikuwa na joto.

Na hapo, kabla sijapanga, nikajisikia nikisema, "Papa, ni mimi nilikosa kwanza. Sikukosa kukuambia kwa kusahau. Nilijua utalia."

Mabega yake yakatikisika. Alishika mkono wangu pale pale juu ya kichwa chake, hakuuondoa. Kisha akaweka wake kwangu. Lemayian alikuwa ametazama dirishani, na Naserian alikuwa anamimina chai mahali hapana kikombe.

Mama Naserian akapangusa macho na kitambaa cha kiti. Halafu, maana yeye haamini laana, akauliza, "Na mate? Hakuna mate kidogo?"

"Mama," akasema baba mdogo, "wewe si ni wa kwaya?"

Tukacheka wote, na yeye zaidi, mpaka akakaa chini. Akasema tarehe ni ile ile na keki ni ile ile, na akaenda kupika.

Tukiwa tunakula, yule mchungaji wa miwani alinisogelea pole pole na kiti chake. Vijana hawa hawapotezi nafasi. Akaniuliza, "Na wewe mzee wangu? Baada ya kuona haya? Utampa Yesu jibu gani?"

Nikamwambia, "Mchungaji, niache kwanza mkono upoe."

Nawaandikia sasa kwa mkono huo huo, na bado haujapoa.